Minde Asiye na Hofu

Asubuhi ya siku ya tatu mume wangu aliamka akauhutubia mlima.

Alisimama juu ya jiwe, kofia kailaza kidogo upande wa kushoto kwa sababu huo ndio upande wake anaouamini, akaiambia kamera ndogo aliyoishika mkononi kwamba mpiga picha wa wanyama ni mtu wa subira. "Msitu hauna haraka," alisema kwa ile sauti yake ya chini anayoitunza kwa ajili ya watazamaji. "Na mimi sina haraka." Nilikuwa nimekaa nyuma yake nafunga kamba za buti. Mwanamume huyu hajawahi kusubiri hata chai ipoe. Huinywa, huungua ulimi, kisha humlaumu aliyepika. Lakini watu wanamfuata kwa maelfu na wanamwita Mwalimu Rwekaza. Mimi hawanijui. Kwenye leseni yetu ya jozi yeye ameandikwa mpigaji na mimi, Kemilembe, nimeandikwa mtulizaji.

Kihwele, askari wa wanyamapori aliyepangiwa kutuongoza, hakuisikiliza hotuba. Alikuwa amechuchumaa kwenye matope chini ya mianzi, anakikagua kinyesi kama mama anavyokagua nepi.

"Cha leo," akasema. "Bado kina joto. Hajafika mbali."

"Minde?" nikamuuliza.

"Kama si minde, dada, mimi si Mhehe."

Rwekaza aliruka kutoka juu ya jiwe. Subira yote ikabaki huko huko juu.

Tulipenya kwenye mianzi, Kihwele mbele, Rwekaza akimkanyaga visigino, mimi nyuma na kipoza mgongoni. Upande ule wa milima ya Udzungwa ukungu hauondoki kabla ya saa nne, na miti imeota ndevu za kijani hadi huwezi kujua tawi linaanzia wapi. Minde anaishi humo kwa sababu moja tu, kwamba hataki kuonwa. Ni swala mzito, mweusi unaong'aa, ana pembe fupi na kishungi chekundu katikati yake, na kuna watu waliozaliwa chini ya mlima huo wakazeeka bila kumtia machoni. Kwa ajili hiyo hiyo picha yake ilikuwa inatafutwa kuliko ya tembo.

Kihwele akainua kiganja. Tukasimama. Kwenye uwazi mdogo kando ya kijito, mnyama alikuwa anakula majani, masikio yakizunguka.

"Sasa!" Rwekaza akanong'ona. "Sasa, Kemi, sasa!"

Mtulizaji yeyote aliyefundishwa huangalia mambo mawili kabla hajabonyeza: nyayo chini, na chuchu tumboni. Jike anayenyonyesha hapozwi. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza, tukalirudia kama watoto wa chekechea. Lakini mimi nina miaka kumi na minne ya ndoa, na katika miaka hiyo mkono wangu umezoea kutii sauti ile kabla kichwa hakijaulizwa. Nilikielekeza kipoza, nikabonyeza.

Kipoza hakitoi mlio. Kina ukubwa wa chupa ya chai, na kinachofanya ni kupeleka mawimbi kwenye ubongo wa mnyama, mahali padogo pasipozidi punje ya karanga ambapo hofu hukaa, na kuilaza. Mengine yote yanabaki macho. Mnyama anaona, anasikia, anakula, anakumbuka njia ya majini. Asichokuwa nacho ni sababu ya kukimbia.

Masikio ya minde yakaacha kuzunguka. Akageuka, akatuona watu watatu tumesimama hatua thelathini kutoka kwake, akaanza kutujia huku anatafuna.

Nyuma yake, kwenye kichaka ambacho mama mwenye akili zake asingekionyesha kwa mtu, kikatoka kitoto chenye miguu kama vijiti vya mshikaki. Kikamfuata mama yake hadi mbele ya buti zangu.

Kihwele alinitazama, kisha akakitazama kitoto. Ningefurahi kama angenitukana.

"Jamani, bahati iliyoje!" Rwekaza akasema. "Wawili!"

*

Ninaowaeleza haya hukumbuka siku picha zilipokufa. Mashine zilikuwa zinatunga kila kitu, ikafika mahali hakuna aliyeamini picha hata ya harusi ya dada yake. Ndipo zikaja kamera za muhuri, ambazo huthibitisha kwamba kilichopigwa kilikuwepo, kikipumua, mbele ya lenzi. Watu wakazililia picha hai kama wenye kiu. Kasoro ilikuwa moja, kwamba viumbe hai hukimbia. Basi akatokea mtu mwenye akili nyingi na haya chache, akatengeneza kipoza, na sasa kila mwaka kuna Tuzo ya Picha Hai, na majaji wenye miwani mizito wanaosifia jinsi mnyama alivyotazama lenzi kwa utulivu.

Utulivu. Kwa saa mbili nilimwangalia mume wangu akiutengeneza. Alimsogeza minde kwa kumsukuma kiunoni, kama anayesogeza kabati. Alikata matawi yaliyokuwa yanatia kivuli. Alitoa kitambaa mfukoni, akakitia mate, akamfuta mnyama tongotongo kwenye jicho, na mnyama akafumba na kufumbua, akamwacha. Kisha alilala kifudifudi kwenye matope, ili baadaye watu waone matope kwenye koti lake, akapiga.

"Kichwa juu kidogo, mama," alimwambia minde. "Hapo hapo. Safi sana."

Mimi ananiita mama kwa sauti ile ile.

Kihwele alikuwa amekwenda kuteka maji. Aliporudi aliliweka galoni chini polepole, akanifanyia ishara nimfuate. Alinipeleka hatua arobaini hivi juu ya kijito, akanionyesha kwenye mchanga alama pana, za mviringo, bila kucha.

"Chui," akasema. "Amepita alfajiri. Na anarudi, hapa ndipo anaponywea."

"Kanuni ni siku tatu," nikasema. "Tutakaa naye. Wewe una king'ora, mimi nina tochi kubwa. Dozi moja kwa mnyama wa kilo hamsini huisha ndani ya siku tatu."

Kanuni ya Kungoja ndiyo kitu pekee cha heshima kilichobaki katika kazi yetu. Aliyemlaza mnyama hofu humlinda hadi hofu iamke. Siku ya mwisho unamwendea hatua kumi. Akikukimbia, unairekodi mbio hiyo, unatia sahihi fomu ya Marejeo, na picha yako inakuwa halali. Asipokukimbia, unaendelea kukaa.

"Mimi siku tatu nakaa," Kihwele alisema. "Mumeo je?"

Tulikuta mume wangu amekaa juu ya begi, anapitia picha huku akitabasamu. Kipoza kilikuwa kando yake. Nilikuwa nimekiacha kwenye shina la mti, mita kumi kutoka hapo.

Nilikiokota. Kwenye kidirisha chake paliandikwa tano.

"Rwekaza," nikasema. "Hii tano ni nini?"

"Alianza kutikisa sikio," alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa umeondoka. Nikamwongezea kidogo."

"Dozi nne? Umemwongezea dozi nne?"

"Kemi, usinianze. Nilibonyeza mara moja, sikuona kitu, nikabonyeza tena. Kwani kuna ubaya gani? Mwone alivyo na raha."

Niliketi chini. Hakuna jedwali linalofika dozi tano. Mbili ndio mwisho wa kisheria, na tatu nilizisikia darasani kama habari ya kusikitisha: paa fulani aliyekaa wiki sita bila hofu, hadi siku alipoingia barabarani kutazama lori. Kwa dozi tano hofu ingeamka baada ya miezi, au isiamke kabisa. Na kitoto kile hakikuwa kimepozwa. Hofu kilikuwa nayo, lakini mtoto wa minde hujifunza cha kuogopa kwa kumtazama mama. Kilikuwa kimesimama kinatetemeka tangu tulipofika, kikimtazama mama aone afanye nini, na mama alikuwa anatafuna.

"Helikopta inakuja saa tisa," Rwekaza akasema. "Kesho saa sita mchana kamera na fomu viwe mezani kwa majaji. Nani alikuambia tutangoja siku tatu wakati picha tumeshapata?"

"Hukuniambia kabisa kwamba umeita helikopta."

"Nakuambia sasa."

*

Nitasema wazi kwamba sikuwa malaika aliyechafuliwa na ndoa. Miaka mitatu kabla ya hapo, kwenye milima mingine, tulipoza pongo dume mzuri mwenye madoa, na siku ya pili Rwekaza akasema inatosha, na mimi nikatia sahihi fomu ya Marejeo juu ya boneti ya gari wakati pongo amesimama pembeni yetu ananusa kioo. Tulikuwa hatujafika hata bondeni tuliposikia pongo analia, akiliwa. Rwekaza aliongeza sauti ya redio. Mimi nilikuwa na mkono pia, ningeweza kuipunguza.

Kwa hiyo nilijua anachotaka kabla hajaanza kukifanya. Alifunga kamera kwenye kifua, akakunja stendi ya chuma, akamwendea minde.

"Unafanya nini?"

"Narekodi Marejeo."

Akampiga mgongoni. Si kwa nguvu mno. Alikuwa bado na aibu kidogo, kwa sababu Kihwele alikuwa anatazama. Minde alisogea hatua mbili, akageuka, akainusa stendi. Rwekaza akampiga tena, safari hii kwenye paja, na mnyama akachechemea hatua tano sita, akasimama, akamtazama kwa macho yale makubwa yaliyofutwa tongotongo. Kisha akarudi. Alirudi kwa sababu maumivu yalikuwa yamemfika lakini hayakuwa na mahali pa kumwambia kitu. Kitoto kilikuwa kinalia.

"Kimbia, mjinga wewe!" Mume wangu alikuwa anahema. "Kimbia!"

Mwalimu wa subira, mtu wa misitu, mshindi wa tuzo mbili, akimwinulia chuma mnyonyeshaji wa kilo hamsini. Nilimtazama nikatafuta moyoni mwangu hata hasira. Hasira humstahili mtu. Nilichokikuta ni kile unachohisi ukigeuza jiwe ukaona kilichokuwa chini yake.

Pigo la tatu lilimpeleka minde mbio hatua kama kumi na tano. Rwekaza akaangalia rekodi. "Inatosha. Tukikata hapa mwisho, inatosha." Akatoa fomu kwenye mfuko usioingia maji, akanipa na kalamu. "Tia sahihi."

"Sitii."

"Kemi."

"Mnyama huyu ana dozi tano na chui yuko juu hapo. Leo jioni au kesho asubuhi atamkaribisha kama mgeni. Na mtoto atasimama pembeni aone inavyofanyika."

"Kwa hiyo?" Aliuliza kweli, akitaka kujua. "Kwa hiyo unataka tukae hapa hadi lini? Krismasi? Msitu mzima huu unaliwa kila siku, mke wangu. Chui naye ana watoto. Mnyama mmoja! Ukikataa, picha imekufa, na yeye ataliwa vile vile. Ukikubali, dunia nzima itamjua minde ni nani. Sasa wewe niambie nani anamsaidia."

Ubaya wa mume wangu ni kwamba mdomo wake una akili kuliko yeye. Sehemu ya maneno yale ilikuwa kweli. Kukataa kwangu peke yake kusingemwokoa minde.

Niliishika fomu. Nikamwambia nahitaji kufikiri, akasema nina hadi saa nane na nusu, akaenda kupanga begi.

*

Kihwele alikuwa amejitenga, ameketi juu ya gogo, anavunja muwa kwa meno. Nilikaa karibu naye, nikakilaza kipoza mapajani. Ubavuni kina kifuniko chekundu kilichofungwa kwa waya na lakiri ya risasi.

"Unaujua uzi wa kurudi?" nikamuuliza.

Akaacha kutafuna. "Naujua. Nimeuona mara mbili."

Chini ya lakiri ile kuna swichi moja, ndiyo tunayoiita uzi wa kurudi. Waliokitengeneza kipoza waliiweka kwa ajili ya maabara, na sheria imeikataza porini. Badala ya kuilaza hofu, inaiamsha yote kwa mara moja, ya siku zote, na kuifunga kwenye kile mnyama anachokiona mbele yake wakati huo. Mnyama wa namna hiyo hapozeki tena. Hakuna kipoza kitakachomshika, hakuna mpiga picha atakayemwona, na kwa sababu hiyo wenye biashara yao wamelifanya kuwa kosa kubwa kuliko kumwua. Anayevunja lakiri hupoteza leseni maisha yake yote. Hilo halikuniuma kama nilivyotarajia. Kilichoniuma kilikuwa kingine.

"Hizo mara mbili," nikasema, "ilikuwaje?"

"Ya kwanza ilikuwa mbega. Alianguka pale pale. Tulimpasua tukakuta moyo umechanika." Alitema makapi ya muwa. "Ya pili kuro jike. Huyo aliondoka. Mwaka wa saba huu, naona nyayo zake tu kwenye bonde lake. Hata mimi ambaye ni mwenyeji sijamwona tena."

"Kwa hiyo nusu kwa nusu."

"Mimi nimeona wawili tu, dada. Usinifanye jedwali."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi nisingembonyezea." Alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Lakini umeshambonyezea. Sasa ukimwacha, ataliwa akiwa hajui anachofanyiwa. Ukimrudishia, labda unamwua mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mtoto wake. Siwezi kukuchagulia. Ila ukiamua, nisikilize. Asiwe amelala. Asiwe amebanwa. Mtoto awe ubavuni, na mlima uwe wazi nyuma yake, ajue pa kwenda. Moyo unapasuka pale mnyama anapotaka kukimbia halafu hana njia."

"Na mbele yake awe nani?"

Kihwele alitazama kule Rwekaza alikokuwa anajipaka mafuta ya midomo.

"Mbele yake," akasema, "awe mtu anayestahili."

Nilikaa na kipoza mapajani labda nusu saa. Nilimwangalia minde akinywa maji pale pale kwenye nyayo za chui, bila kuinua kichwa hata mara moja. Kitoto kilikuwa kimejibanza chini ya tumbo lake, na sasa kilikuwa kimeacha kutetemeka. Kilikuwa kinajifunza. Hapo nikaogopa kwa niaba yao, hofu yenyewe kabisa, ya mikono baridi, na nikajua kwamba ni afadhali nimwue akiwa mnyama kuliko nimwache ale majani hadi aliwe.

*

Saa nane ilipofika Rwekaza aliniita. Hakuuliza kuhusu sahihi. Alikuwa amepata wazo.

"Ya mwisho," akasema. "Mimi na yeye. Mkono wangu shingoni mwake. Hii si ya majaji, ni ya watu wangu. Watalia."

"Simama pale," nikamwambia. "Mgongo wako kwenye kijito. Yeye nitamweka atazame kwako, mlima uwe nyuma yake. Mwanga ni mzuri."

"Umeona? Ukitaka unajua kazi." Akaweka kofia upande wa kushoto.

Nilimleta minde kwa kumshika pembe. Alikuja. Ngozi yake ilikuwa ya moto na alinuka majani yaliyosagwa. Nilimgeuza, mlima wazi nyuma yake, kitoto ubavuni. Nikatega kamera ya muhuri kwenye stendi ile ile, ipige yenyewe kila sekunde. Kisha nikarudi nyuma ya kichaka cha mianzi, mahali ambapo asingeniona hata kidogo, nikakielekeza kipoza. Kihwele alikuwa ameshajificha nyuma ya mti.

Rwekaza aliweka mkono shingoni mwa mnyama, akausogeza uso wake hadi karibu na ule wa minde, akatoa lile tabasamu lake la jalada la kitabu.

Nilivunja lakiri, nikapandisha swichi.

Kwa sekunde moja hakikutokea kitu, nikadhani kimeharibika. Kisha ngozi ya minde ikaanza kucheza kutoka mabegani hadi mkiani. Masikio yakalala. Macho yake yalikuwa kwenye uso wa mume wangu, shubiri moja tu, na nikaona yanafunguka, yanafunguka zaidi, hadi weupe ukatokea pande zote. Nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi na minne. Nimemfulia, nimemtetea kwa mama yangu, nimemwona akilia kwenye misiba ya watu asiowapenda. Na mnyama huyu alimtazama mara moja tu, akamwona.

Alipiga mluzi mkali wa puani ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe chochote. Aligeuka hewani. Kwato zake zilimkamata Rwekaza kifuani zikamlaza kwenye kijito, na yeye na kitoto wakaupanda mlima kwa mbio za kuinama, wakapotea. Mianzi ilitikisika juu, kisha juu zaidi. Kisha ikatulia, na sikuweza kujua imetulia kwa sababu gani.

Mume wangu aliinuka majini akiwa amelowa hadi mabegani. Niliona mdomo wake unatetemeka, nikafikiri kwa mara ya kwanza katika siku nyingi kwamba labda kuna kitu kimemfikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamera, akarudisha picha nyuma, akazitazama moja moja. Nilisogea nikaziona naye. Iliyo katikati ilikuwa na yeye anatabasamu na mnyama anamtazama. Haijapigwa picha ya kutisha kama ile.

"Angalia," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Angalia makali yake. Kila unywele unaonekana."

Ndipo akaona lakiri iliyovunjika mkononi mwangu. Sitayaandika aliyoyasema, si kwa sababu yalikuwa makubwa. Yalikuwa madogo sana, na mengi.

Helikopta ilifika saa tisa kamili. Alipanda peke yake.

*

Mimi nilibaki kwa sababu nilitaka kujua kama nimeua.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshatoboa ukungu, Kihwele alikuwa mbele na mimi nyuma, tukifuata alama za kwato, kubwa na ndogo. Kila tulipopinda nilitegemea kumkuta amelala ubavu na kitoto kimesimama juu yake. Mara mbili Kihwele alisimama ghafla na mara mbili nilifumba macho. Ilikuwa kisiki, kisha kivuli cha jiwe. Nyayo ziliendelea, zimetapakaa mwanzoni, baadaye zimekaa sawa, hatua za mnyama anayetembea.

Saa tano hivi Kihwele alikaa chini. Akanyoosha kidole.

Ng'ambo ya korongo dogo, ndani kabisa ya majani, palikuwa na kipande cheusi kinachong'aa. Kilikuwa kinapumua. Kitoto kilikuwa kinanyonya, na masikio ya mama yalikuwa yanazunguka, yanazunguka, hayatulii hata sekunde moja. Nililia hapo hapo. Sikuona haya mbele ya Kihwele, na yeye alikuwa anasugua pua kwa mkono wa shati.

"Tuondoke," akanong'ona. "Usijitokeze."

Ningepaswa kumsikiliza. Lakini jana yake nilikuwa nyuma ya kichaka, si mbele ya macho yake. Hofu yake ilifungwa kwenye sura ya Rwekaza, kofia ya Rwekaza, tabasamu la Rwekaza. Mimi ndiye niliyevunja lakiri. Nilitaka anione mara moja, kwa mbali, na pengine asikimbie upesi sana. Nilitaka hivyo tu. Nikasimama, mikono wazi, nikapiga hatua kutoka kwenye majani.

Alinitazama. Ngozi ikacheza kutoka mabegani hadi mkiani, macho yakafunguka hadi weupe ukatokea, na yalikuwa macho yale yale aliyomtazamia mume wangu, hayakupungua hata kidogo. Mluzi ule ukapasua korongo. Kitoto kilishakuwa kinakimbia kabla mama hajageuka.

Nilitaka kumwambia Kihwele kwamba amenifananisha. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaufunga, kwa sababu hakuwa amenifananisha na mtu.